Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Little Steeping, Uingereza. Alifika Unguja mwaka 1864, akajifunza Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya.

Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, alianza kujenga kanisa papo hapo Mkunazini, kwa mawe ya matumbawe na saruji. Paa ni tao la zege lisilo na boriti; wapo waliodhani litaanguka. Altare inasemekana iko pale watumwa walipochapwa viboko. Husimuliwa pia kwamba mafundi walisimamisha nguzo za penye ubatizo kichwa chini yeye akiwa safarini. Ziko hivyo hadi leo.

Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Steere hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, lakini sisi tunaojiandaa kwa upadre tunajifunza kwake: hakutafuta kiwanja kisicho na aibu. Tukipita Mkunazini, tuingie tuwaombee waliouzwa pale.