Nyaatha wa Gikondi na sheria ya 1930

Ukiishi Nyeri, jina la Nyaatha utakutana nalo tu, hata kama wewe si Mkatoliki. Wengi wa rika letu tulilisikia vizuri Mei 23, 2015, siku watu walipofurika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Kanisa likamtangaza kuwa mwenyeheri. Lakini hebu muulize mtu alifanya nini hasa. Wengi tunajikuna kichwa tu.

Jina lake la kitawa lilikuwa Irene Stefani. Alizaliwa Agosti 22, 1891, katika kijiji cha Anfo, milimani kaskazini mwa Italia, kwenye familia ya watoto 12. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mjini Turin. Mwisho wa 1914 akapanda meli, na Januari 1915 akatua Mombasa akiwa na miaka 23.

Alikuta vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wanapigana, na mizigo yao ilibebwa na Waafrika, wale vijana wa Kariakoo. Walikufa kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Sista Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuta kitanda cha mgonjwa kimeachwa wazi, akaambiwa mtu wake ameshapelekwa ufuoni na maiti wengine. Akaenda kumtafuta kati ya maiti, akamkuta bado anapumua.

Vita vilipoisha, mwaka 1920, alipelekwa Gikondi, kule Mukurweini. Ukipajua, unajua ile milima. Kwa miaka 10 aliipanda na kuishuka kwa miguu, amevaa viatu vikubwa. Alifundisha shule. Aliwaandikia kina mama barua za kuwapelekea watoto wao waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Aliingia nyumba za wagonjwa na za wanawake waliokuwa wakijifungua. Watu ndio waliompa jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Sasa tuangalie mwaka 1930.

Agosti 1 mwaka huo, serikali ya kikoloni ilianza kutumia Kanuni ya Adhabu mpya, badala ya ile ya India iliyokuwa ikitumika hapa. Nyaatha alikuwa amebakisha miezi mitatu ya kuishi. Vifungu 158, 159 na 160 viliweka adhabu ya kutoa mimba: miaka 14 jela kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, na 3 kwa anayempea dawa au vifaa. Wakoloni walienda, lakini vifungu hivyo bado viko kitabuni.

Nisieleweke vibaya. Nyaatha alikuwa mtawa, na msimamo wa Kanisa lake kuhusu kutoa mimba unajulikana. Siwezi kumvalisha fulana ya kampeni ya mtu yeyote. Ninachozungumzia ni damu.

Kiswahili chetu kinatenganisha mimba iliyotoka na mimba iliyotolewa. Kitandani tofauti hiyo mara nyingi haionekani. Ni damu ileile, na maumivu yaleyale ya tumbo. Hata matibabu ni yaleyale: kusafisha kizazi, kwa kifaa cha kufyonza au kwa vidonge, kabla damu haijaisha mwilini au uchafu haujaoza na kusambaa. Sheria haimkatazi daktari kumtibu aliyepoteza mimba. Lakini muuguzi anayeogopa polisi huanza na maswali, na kila dakika ya maswali ni damu inayomwagika.

Mwaka jana jirani wa ploti yetu alianza kutokwa na damu usiku. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu, na alikuwa ameisubiri kwa hamu. Kliniki ya kwanza tuliyomkimbiza ilitaka kwanza kujua amemeza nini na nani alimpea. Alikuwa analia, ameshika ukuta. Tukamtoa hapo, tukatafuta teksi. Kliniki ya pili ilimlaza kwanza, maswali yakafuata baadaye. Yuko hai.

Katiba ya 2010 inajua jambo hili. Kifungu cha 26 kinakataza kutoa mimba, ila pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Desemba 2013 Wizara ya Afya ikaondoa mwongozo uliowaonyesha wahudumu la kufanya. Ilichukua hadi 2019 Mahakama Kuu kusema kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Mwaka huohuo wa 2019, huko Kilifi, mhudumu mmoja alimtibu msichana wa shule aliyekuja anatokwa na damu. Polisi wakawakamata wote wawili. Mahakama Kuu ya Malindi ikaifuta kesi yao Machi 2022. Hebu fikiria, msichana anatolewa kitandani anapelekwa seli.

Nyaatha alikufa Oktoba 31, 1930. Tauni ilikuwa imeingia Gikondi, na mwalimu mmoja akaugua. Hatari ya ugonjwa huo ilijulikana. Alienda kumuuguza hata hivyo, akaambukizwa, akafa akiwa na miaka 39. Leo mabaki yake yako Nyeri, na watu hupita hapo kusali.

Wengi wao ni kina mama. Sidhani nitakosea nikisema baadhi yao wamewahi kupoteza mimba, na kwamba wanakumbuka hadi leo alichofanya mtu wa kwanza waliyemkuta mlangoni.