Mwalimu Nyerere, mguu na jembe: Funzo kwa mwenye maumivu ya mgongo

Wengi tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere kwa siasa. Wiki hii, mpendwa msomaji, mtazame kama mtu aliyetembea na kulima, hasa kama kiuno kinakusumbua.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya Nyang'ombe. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza Shule ya Mwisenge, Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, akaongoza TANU kuanzia 1954 hadi uhuru wa 1961 na kuendelea.

Oktoba 1967, akiwa Rais mwenye miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakuwa akitibu mgongo, ila wewe chukua funzo: mgongo umeumbwa kwa mwendo. Maumivu mengi ya chini ya mgongo hutokana na misuli na viungo kuchoka au kushtuka, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki sita, mara nyingi bila hata kuhitaji eksirei. Ukilala kitandani wiki nzima, misuli inayoshikilia pingili hudhoofika na kupona huchelewa. Fanya kazi nyepesi, tembea kidogo kila siku, kisha ongeza polepole.

Alipong'atuka urais mwaka 1985, Mwalimu alirudi Butiama, akalima. Nawe ukishika jembe, usiiname saa nzima. Simama, unyooke, badilisha kazi. Ndoo ya maji ichuchumalie, isogeze karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Mzazi, mpe mtoto ndoo inayolingana na umri wake.

Dawa za maumivu kama diklofenaki usizinunue kwa mazoea. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mjamzito asizitumie bila kumuuliza daktari. Maumivu yakizidi wiki sita, omba kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mwaka 1998 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akiwa na miaka 77, akazikwa Butiama. Mwili uliozoea mwendo na jembe nao huugua. Kwa hiyo usiseme kila maumivu ya mgongo ni uchovu wa shamba.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipoteza nguvu za miguu, ukifa ganzi sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia au kutoa haja. Usikawie pia kama una homa, unapungua uzito, maumivu yanakuamsha usiku, umeanguka, au umewahi kuugua saratani. Mtoto anayelalamika mgongo mara kwa mara apimwe mapema, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo na kinaweza kumwachia kibyongo.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Bunda, Butiama au Musoma. Ikihitajika, watakupa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma, inayobeba jina la Mwalimu.