SAM NTIRO: MCHAGA ALIYEIFIKISHA MBEGE NEW YORK

Leo niko kafe hapa Katesh, mlima Hanang umejifunika wingu, mtandao unasuasua lakini upo. Nikaona niwape stori ya mzee mmoja ambaye vijana wengi hata jina hatulijui.

Anaitwa Sam Joseph Ntiro. Kazaliwa 1923, Machame, Kilimanjaro. Miaka ya 40 alisoma uchoraji Makerere kwa mama wa Kiingereza, Margaret Trowell, ndiye aliyeanzisha masomo ya sanaa pale. Baadaye akawa mwalimu hapohapo. Mwaka 1952 akaenda London kusoma chuo cha Slade mpaka 1955.

Sasa hapa ndipo ninapompendea. Mtu kakaa London miaka mitatu, ungedhani atarudi anachora maghorofa na taa za barabarani. Wapi! Alirudi Makerere akaendelea na migomba, kahawa na watu wa kijijini wakiwa kazini. Mwaka 1956 akachora sherehe ya usiku: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi. Picha yenyewe wala si kubwa, kama sentimita 41 kwa 51. Mwaka 1960 ikaingia kwenye makumbusho ya MoMA, New York. Yaani jiji lenye taa kuliko yote likachukua usiku wa migombani!

Mwaka 1958 alimuoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata digrii. Tulipopata uhuru 1961, Ntiro akapelekwa Uingereza kuwa balozi wetu mpaka 1964. Baadaye akafanya kazi ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki 1993.

Kwa nini nawaambia haya? Mimi nimemaliza fomu foo, nachora mabango ya vinyozi na migahawa. Juzi jamaa mmoja mwenye baa kanipa ukuta mzima, anataka jiji la Ulaya usiku, fataki na maghorofa. Hela nzuri tu. Nimekaa na penseli siku mbili mkono haujui pa kuanzia, maana sijawahi kuliona hilo jiji. Ninachokijua ni harusi za huku kwetu, mtungi wa pombe ya asali katikati, wazee wamejifunika mashuka, taa ya chemli inapepesuka, vumbi la ngoma juu.

Kesho namfuata nimwombe nichore hiyo. Akikataa hela imekwenda, na kodi ya chumba inanisubiri. Lakini nikimkumbuka yule mzee wa Machame napata moyo.

Wadau, nyie mngefanyaje? Mwageni maoni hapo chini, ila msinitukane. Nitawaletea majibu ya huyo bosi.