Abdulrahman as-Sufi na Wingu Dogo la Mbinguni

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Abul-Husayn Abdulrahman ibn Umar as-Sufi alizaliwa mwaka 291 Hijria (903 Miladia) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Alifanya kazi Isfahan na Shiraz chini ya mtawala Adud al-Dawla, ambaye alijifaharisha kuwa elimu ya nyota alisomeshwa na as-Sufi.

Zama zile wanavyuoni wa falaki walitegemea orodha ya nyota ya Ptolemy, aliyeishi Misri katika karne ya 2 Miladia. As-Sufi alimheshimu mtangulizi wake, lakini hakunakili tu. Aliichukua orodha ile akailinganisha na mbingu, nyota moja moja, zaidi ya nyota 1,000. Alipokuta mng'ao wa nyota umeandikwa vibaya, alisahihisha. Mnamo mwaka 353 Hijria (964 Miladia) akatoa kitabu chake mashuhuri, Suwar al-Kawakib ath-Thabita, chenye michoro ya makundi ya nyota pamoja na majina yake ya Kiarabu.

Katika kundi liitwalo Andromeda, as-Sufi alitaja kiwingu hafifu. Hakikuwa nyota, wala hakuweza kujua ni nini. Hata hivyo alikiandika kama alivyokiona. Hilo ndilo andiko la zamani zaidi tulilonalo kuhusu kitu hicho.

Leo tunajua kwamba mwanga husafiri kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde, na safari zake huchukua muda. Mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Nyota ya Shi'ra, iliyotajwa katika Suratun-Najm, tunaiona kama ilivyokuwa miaka 8 na nusu iliyopita. Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya, tunakiona kama kilivyokuwa zaidi ya miaka 400 nyuma.

Ama kiwingu cha as-Sufi, katika karne ya 20 ilibainika kuwa ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, ulio nje kabisa ya mkusanyiko wetu huu. Wataalamu wanakadiria kwamba mwanga wake husafiri miaka milioni 2 na nusu mpaka kutufikia. Mwanga uliotoka huko usiku ule alipokitazama bado uko njiani, na haujamaliza hata sehemu moja katika 2,000 ya safari yake.

As-Sufi alifariki mwaka 376 Hijria (986 Miladia), bila kujua uzito wa alichokiandika. Lau angelikiacha kwa kuwa hakukifahamu, tungeikosa habari hiyo. Alichunga amana ya shahidi: kusema ulichokiona, bila kuzidisha wala kupunguza, na usilolijua kumwachia Mwenye kujua.

Wazazi, mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi, tokeni na watoto mbali na taa baada ya Isha. Tazameni upande wa kaskazini, kama nusu ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Kwa subira, mtaona ukungu mdogo. Waambieni watoto kwamba mwanga huo ulianza safari kabla ya babu zetu wote tunaowajua kwa majina, na kwamba Mwislamu mmoja mkweli aliuona akauandika.

Allah Amrehemu. Wallahu aalam.