Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba na Wasifu Unaostahili Kusomwa

Na Mwandishi Wetu, Kitaya – Mtwara

Tarehe 7 Julai ya kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, kufuatia uamuzi uliotolewa na UNESCO mwezi Novemba 2021. Siku inayofuata hupita kimya. Hata hivyo, tarehe 8 Julai 1950 ndiyo siku aliyofariki dunia, huko Unguja, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukiingiza Kiswahili katika santuri na kukifikisha katika nyumba na mikahawa ya Afrika Mashariki nzima. Jina lake ni Siti binti Saad. Kwa mwananchi anayetafuta kitabu cha kuanzia kuhusu maisha ya wanamuziki wetu, wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ndio wa kutangulizwa mbele ya vingine vyote.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kilichopo kusini mwa mji wa Zanzibar, takriban mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa miongoni mwa watu wa bara ambao utumwa uliwafikisha visiwani. Jina alilopewa mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. Ilikuwa desturi ya zama hizo kumwita mtoto hivyo, na jina lenyewe lilitosha kumweleza mgeni yeyote mahali ambapo mwenye jina alitakiwa kukaa, kula na kunyamaza.

Habari hii haiko mbali na watu wa Kitaya na pwani yote ya mlango wa Mto Ruvuma kama inavyoweza kudhaniwa. Bandari ya Mikindani, sawa na Kilwa iliyo kaskazini yake, ilipokea misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na bonde la Ruvuma, na wengi waliopakiwa majahazini waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wamakonde walikuwa sehemu ya umma uliokuja kujenga makazi ya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha wenye mali wa Mji Mkongwe na watu wa kawaida. Hadi leo neno unyago, ambalo halihitaji kufafanuliwa katika nyumba yoyote ya Kitaya, halihitaji kufafanuliwa Ng'ambo pia. Siti hakuwa mtu wa Kusini kwa nasaba, lakini waliomsikiliza, waliomwelewa na waliomfanya kuwa msanii wao walikuwa na ndugu wengi huku.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, Siti akiwa msichana anayekaribia miaka 20. Sheria ilibadilika kwa siku moja, ila hali za watu hazikubadilika kwa kasi hiyo. Siti hakupata elimu ya darasani. Alijifunza kazi ya wanawake wa kijiji chake, kufinyanga vyungu, kazi ambayo kina mama wa Kimakonde wanaifahamu vema: kuchimba udongo, kuukanda, kuujenga kwa mkono, kuuanika na kuuchoma, kisha kubeba kichwani mzigo ambao kosa moja la hatua huugeuza vigae. Vyungu hivyo aliuza kwa kutembea, mpaka mjini. Ili wanunuzi wajue kwamba amefika alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

Takriban mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin aliisikia sauti hiyo, akaelewa kwamba haikuumbwa kwa ajili ya kunadi vyungu tu, akaanza kumfundisha. Ili kuipima hatua hiyo lazima tukumbuke taarabu ilikuwa nini wakati huo. Ilikuwa burudani ya jumba la mfalme tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikapigwa na wanaume, ikasikilizwa na watu wa daraja la juu. Mwanamke wa shamba, mtoto wa watumwa, asiyekijua Kiarabu, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Siti alijifunza matamshi, akajifunza maghani, akazitia kifuani nyimbo za Kiarabu hadi waliokizungumza Kiarabu nyumbani kwao wakamwita kuwaimbia. Aliimba harusini, akaimba katika nyumba za matajiri, akaimba mbele ya Sultani. Jina la Mtumwa likaachwa nyuma na badala yake akaitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Safari kutoka jina la kwanza hadi la pili ndiyo kiini cha maisha yake, na Shaaban Robert aliliona hilo barabara.

Kupanda huko kuliwachoma wengine. Washindani wake walimtungia nyimbo za kejeli wakimkumbusha kwamba alitoka shamba amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya bei ndogo iliyokuwa alama ya utumwa na umaskini, na kwamba hata uso wake haukuwa na uzuri wa kutazamwa. Mji wa wakati huo ulisoma nguo kama sisi tunavyosoma kitambulisho. Wanawake waliotoka utumwani walikuwa wakiibadilisha hali yao kwa kanga na buibui, wakitangaza mitaani kwamba hawana tena bwana. Kumrudisha Siti katika kaniki kulikuwa jaribio la kumrudisha chini ya mtu. Alijibu kwa wimbo, bila matusi, akiwaambia wasikilizaji kwamba sura si kipimo cha mtu bali akili na mwenendo wake. Jibu hilo lilikaa mjini muda mrefu kuliko kejeli zenyewe.

Mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Wenzake walikuwa Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku Talsam wa Mombasa aliyekuwa kipofu, na Maalim Shaaban. Tuitazame safari hiyo kwa macho ya siku zile: kundi la watu wa Ng'ambo, wakiongozwa na mwanamke, wanavuka bahari kwenda kutia sauti zao ndani ya sahani nyeusi ambazo zingerudi kuuzwa kwao wenyewe. Santuri zilipofika, zilinunuliwa kuliko kampuni ilivyotazamia. Katika miaka iliyofuata yeye na kundi lake waliongeza nyingine, na jumla ya nyimbo zilizorekodiwa ikapita 100.

Lugha yake ndiyo iliyouza. Siti aliimba Kiswahili kile kile kilichosemwa sokoni, kisimani na barazani, akakiingiza katika muziki ambao hadi hapo ulikuwa umevaa joho la Kiarabu. Gramafoni moja mkahawani ilitosha mtaa mzima, na aliyekuwa Mombasa, Tanga au Lamu alisikia maneno anayoyaelewa, juu ya mambo anayoyajua: mapenzi, fitina za majirani, uonevu, kodi na mahakama. Wanaoeleza kuenea kwa Kiswahili kwa kutaja shule, magazeti na kamati za lugha peke yake huacha kando sahani hizi za santuri, na si haki kuziacha.

Wimbo unaoonyesha uzito wa kazi yake kuliko mwingine wowote unaitwa Kijiti. Unahusu tukio la kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam alikwenda Zanzibar, akatoka usiku na wenyeji wake kwenda ngomani, na mwanamume aitwaye Kijiti akambaka na kumuua. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Waliojitokeza mahakamani kueleza walichokiona walikuwa wanawake waliofuatana na marehemu, na hatimaye wao ndio walioadhibiwa, kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku huo. Mhalifu akawa huru, mashahidi wakafungwa. Chini ya utawala wa kikoloni hapakuwa na gazeti ambalo mwanamke wa Ng'ambo angeandikia malalamiko, wala baraza ambalo angekaa kuyatoa. Siti alisimama na kundi lake, akayataja mambo kwa majina yake, na kwa kuwa wimbo uliingia katika santuri, hukumu iliyotolewa ndani ya chumba kimoja ikajadiliwa katika pwani nzima. Jamaa za waathirika walisikia mambo yao yakisemwa kwa heshima. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hata kama rekodi zake nyingine zote zingepotea, wimbo huo mmoja ungetosha kumpa nafasi katika historia ya nchi.

Santuri hata hivyo hukwaruzika na kuvunjika, na wanaokumbuka huondoka. Siti alipofariki mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, hakuacha kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Hapa ndipo anapoingia mtumishi mmoja wa Serikali.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao, kabila ambalo Mtwara na Ruvuma ni maskani yake hadi leo. Aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akahamishiwa baadaye katika idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na hatimaye ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa maneno mengine alikuwa karani, mwenye saa za kuripoti na majalada ya kujibu, na fasihi yake aliiandika baada ya kazi. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha ukatolewa kama kitabu. Alichagua kumwandikia wasifu mwanamke, tena mwimbaji, tena mtoto wa watumwa, katika miaka ambayo wasifu ulidhaniwa kuwa stahili ya watawala na majemadari.

Ni kitabu chembamba. Anayejua kusoma Kiswahili anaweza kukimaliza kwa siku moja ya Jumapili, ingawa lugha yake ya kishairi itamlazimu kijana kupunguza mwendo hapa na pale. Shaaban Robert hupenda kusimama njiani akatoa mawaidha kabla ya kuendelea na hadithi, na kuna mahali msomaji angetamani mawaidha yapungue ili habari ziongezeke. Anamtazama Siti kwanza kama kielelezo cha tabia njema: subira, bidii, ukarimu, kutovunjwa moyo na dharau. Anayetaka kujua zaidi kuhusu nyimbo zenyewe, mahakama za kikoloni na siasa za Ng'ambo atahitaji kuongeza utafiti wa mwanahistoria Laura Fair, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2001. Lakini Fair mwenyewe asingefika mbali bila karani wa Tanga kutangulia, na kitabu cha karani huyo ndicho kilichoandikwa katika lugha ambayo Siti aliimba.

Jina la Siti limeendelea kutumika katika mambo ya umma. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti hadi uzeeni, na vijana wengi walioziona jukwaani hawakujua kwamba zilikuwa na umri mkubwa kiasi hicho.

Mwenye kupenda muziki wa dansi kuliko taarabu anaweza kutafuta pia kitabu cha Jumaa Mkabarah kuhusu Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyefariki mwaka 1965. Kitabu hicho nacho kiliandikwa kwa Kiswahili, na ni vigumu zaidi kukipata kuliko wasifu wa Siti, ambao umechapishwa upya na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Walimu wa Kiswahili wa Kata ya Kitaya na maeneo mengine ya Halmashauri ya Mji Nanyamba wanaoweza kuagiza nakala chache kwa ajili ya shule zao watafanya vema kuuweka pamoja na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu ambacho Shaaban Robert alieleza ndani yake maisha yake mwenyewe. Vikisomwa kwa kufuatana, mwanafunzi atamwona kwanza mwimbaji, kisha karani aliyemwandika.