William Jones: Kasisi aliyewapa watoro kivuli Pwani

ABIRIA wanaovuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea Kisauni hulisikia jina la Kengeleni kila siku kutoka kwa makanga wa matatu. Wengi hushuka hapo na kwenda zao sokoni Kongowea au makazini bila hata kuitupia jicho kengele iliyotundikwa kwenye mnara mdogo kando ya makutano ya barabara.

Kengele hiyo ndiyo iliyolipa eneo hilo jina lake. Ilikuwa mali ya Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa, na kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji ililia kuwaita watu kanisani na vilevile kuwatahadharisha pindi wakamataji wa watumwa walipokaribia.

Miongoni mwa watu waliojitolea maisha yao kwa jamii hiyo ni William Henry Jones, mtumwa wa zamani aliyekuwa fundi, kisha mwinjilisti, kisha kasisi. Alifariki mwaka 1904, miaka mitatu kabla ya hali ya utumwa kufutwa kisheria katika mwambao wa Kenya.

Maisha yake ni kisa cha mtu aliyeishi zama ambazo binadamu alinunuliwa na kuuzwa, lakini akakataa kuiamini dunia hiyo kuwa ndiyo mwisho wa mambo.

Kutoka Uyao hadi Bombay

Jones alizaliwa yapata mwaka 1840 miongoni mwa Wayao, watu wa kusini, upande wa Ziwa Nyasa. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akasafirishwa na kupakiwa chomboni pamoja na mateka wengine. Jina alilopewa na wazazi wake halikudumu katika kumbukumbu. Dunia ilimfahamu kwa jina la Kiingereza alilobatizwa nalo.

Chombo kilichombeba kilikamatwa na meli ya Uingereza iliyokuwa ikizuia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mateka walioopolewa namna hiyo hawakurudishwa makwao, kwa kuwa njia ya kurudi ilipita mikononi mwa walewale waliowauza. Badala yake walipelekwa Bombay, jiji ambalo leo huitwa Mumbai.

Huko India, watoto wengi wa aina yake walilelewa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, katika makao ya shirika la misheni la Kianglikana lijulikanalo kwa kifupi kama CMS. Walifundishwa dini, Kiingereza na kazi za mikono kama vile useremala na uhunzi. Jacob Wainwright, aliyekuwa mmoja wa waliousindikiza mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani, alipitia makao hayo hayo.

Mwaka 1864 Jones alirejea Afrika. Hakurudi Uyao bali Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa akiishi takriban peke yake na mwenye waumini wa kuhesabika kwa vidole. Pamoja na Jones walikuja wenzake wa Nasik, akiwemo Ishmael Semler. Watu hawa ndio historia iliowapa jina la Waafrika wa Bombay.

Kijiji katika ardhi ya Kisauni

Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini, baada ya shinikizo la Uingereza lililoongozwa na Sir Bartle Frere. Likazuka swali la papo kwa papo: waliookolewa majini wangewekwa wapi?

Jibu likawa Kisauni. Kasisi William Salter Price, aliyewahi kuyasimamia makao ya Nasik, aliwasili Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi ng'ambo ya pili ya maji. Kijiji kikapewa jina la Freretown, na mwaka huo huo wa 1875 manowari za Uingereza zikaanza kushusha mamia ya watu waliodhoofu, wengi wao watoto.

Watu hao hawakuwa wa kabila moja. Walikuwemo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha yake na msiba wake. Hawakuwa na mjomba, shangazi wala babu wa kuwasimamia wakati wa harusi au mazishi. Ndugu wa jirani walikuwa hao hao waliolala katika safu moja ya nyumba.

Waafrika wa Bombay ndio waliosimama kati ya wageni hao na Wazungu. Walikuwa walimu, mafundi, wakalimani na wasimamizi. Si kwamba mapenzi yalitawala siku zote. Baadhi yao walivaa na kuzungumza Kizungu, na wakati mwingine walijiona bora kuliko wale walioshushwa jana kutoka majahazini. Lakini walikuwa wameyaonja yaliyowapata wenzao, na hilo halikuweza kufundishwa na mtu yeyote kutoka Uingereza.

Hatari haikutoka nje pekee. Msimamizi wa Freretown, Mwingereza J. R. Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko vikali, na mwaka 1881 ukafanyika uchunguzi uliochangia kuondolewa kwake. Watu waliokwepa mjeledi wa mwenye shamba walikuwa wameukuta mjeledi mwingine ndani ya misheni.

Tatizo la watoro

Ikiwa Freretown ilikuwa makazi ya waliookolewa baharini, Rabai ilikuja kuwa kimbilio la aina nyingine ya watu: watoro. Hawa walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya Mombasa, Malindi na kwingineko, wakajificha vichakani, kisha wakafuata njia ya misheni.

Mkataba wa 1873 haukuwagusa. Ulizuia biashara ya baharini na masoko, lakini haukumnyang'anya mwenye mtumwa mali aliyokwisha kuimiliki. Kwa sheria ya wakati huo mtoro alikuwa mali iliyopotea, na aliyemhifadhi alihesabiwa kuwa mwizi. Ndiyo sababu viongozi wa CMS walitoa maagizo kwamba watoro wasipokelewe.

Mfano wa adhabu ulikuwa mbichi. Huko Fuladoyo, makazi ya watoro katika nchi ya Wagiriama yaliyoanzishwa na Wakristo wa Kiafrika wenyewe, kiongozi wao David Koi alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Kanisa humkumbuka kama mfiadini wa kwanza nchini Kenya.

Pamoja na hayo, watu waliendelea kuja Rabai, ambako Jones alikuwa amekuwa mhimili wa kituo, nao hawakufukuzwa. Walipata kipande cha ardhi, wakajenga vibanda, wakalima, wakaoa na kuolewa. Hata njaa kubwa ya mwaka 1884, iliyoikumba nchi yote ya nyuma ya pwani, haikuusimamisha mtiririko huo. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa, agizo la kumfungia mtoro mlango lilikuwa gumu kutekelezwa.

Bendera ya msiba

Mwezi Mei 1885, Askofu James Hannington alimtawaza Jones na mwenziwe Semler kuwa mashemasi huko Freretown. Miezi miwili baadaye, Julai 23, askofu huyo alianza safari ya kwenda Uganda kwa kupitia nchi ya Wamaasai, akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Jones alikuwa msaidizi wake mkuu.

Msafara ulipofika Kwa Sundu, mahali ambapo leo ni Mumias, askofu aliamua kutangulia na watu 50. Jones akaachwa nyuma kuwatunza wengine. Hannington hakurudi. Aliuawa Busoga Oktoba 29, 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Mapema mwezi Novemba wachache walionusurika walifika kambini na habari hizo. Jones alikuwa mbali na pwani mwendo wa miezi kadhaa, akiwa na watu wenye hofu, chakula cha kubahatisha na nchi asiyoijua nyuma yake na mbele yake. Angaliweza kukimbia. Angaliweza pia kuuacha msafara usambaratike, kila mtu ajiokoe mwenyewe.

Hakufanya hivyo. Alingoja takriban mwezi mzima, pengine angepatikana mwingine aliyenusurika. Matumaini yalipokatika, aliwakusanya watu wake na kuwaongoza kurudi. Waliingia Rabai Februari 4, 1886, wakiwa wamechakaa, wametanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kibiblia: Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka.

Bendera hiyo ilisema ukweli bila kuuficha. Msiba haukupakwa rangi, na wajane na mayatima wa wapagazi hawakudanganywa. Lakini walioishika walikuwa wamefika nyumbani, na hilo ndilo Jones aliloweza kuliokoa katika janga lile.

Vyeti vya uhuru

Mwaka 1888 suala la watoro lilifikia kilele. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa imekabidhiwa utawala wa mwambao, ilimtuma George Mackenzie kuja Mombasa. Alikuta wenye watumwa wamefura kwa hasira na wakitishia kuzivamia misheni ili wachukue walichokiita mali yao.

Kasisi Price, ambaye alikuwa amerudi Mombasa mwaka huo, alidhani watoro walikuwa wachache. Hesabu ilipofanywa Rabai, ilidhihirika kwamba walikuwa mamia, na wengi walikuwa wameishi hapo miaka, wakazaa na kuzikana. Walipoelezwa kwamba misheni haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuwakinga, watu hao waliona shimo likifunguka tena chini ya miguu yao.

Mackenzie alikata shauri la kuwalipa wenye watumwa fidia, takriban dola 25 kwa kila kichwa. Haikuwa huruma tupu: kampuni ilihitaji amani ili biashara yake isimame, na fidia ilienda kwa waliowamiliki watu, si kwa waliomilikiwa. Gharama yote ilifikia yapata pauni 3,500.

Januari 1, 1889, vyeti vya uhuru vilitolewa Rabai. Watu wapatao 1,400, wa misheni ya Rabai na za jirani, waliandikwa kuwa huru. Kusingekuwa na mtu wa kupewa cheti hata mmoja lau Jones na wenzake wangalitii maagizo ya kuwafukuza miaka iliyotangulia.

Mgogoro na wakubwa

Katika miaka ya 1890 Jones alipewa upadri kamili, lakini nafasi yake ndani ya misheni haikupanuka. Wamisionari wapya waliokuja baada ya kuanza kwa utawala wa Kiingereza waliwatilia shaka Waafrika waliosoma. Mishahara yao ilikuwa duni, na vijana kutoka Ulaya waliwekwa juu ya wazee waliozijua lugha na watu wa nchi.

Jones alilalamika, na kuna wakati alijiuzulu kwa kupinga namna makasisi Waafrika walivyotendewa. Alidai heshima kutoka kwa kanisa alilolijenga, wala hakuwaacha watu wake.

Kizazi kilichofuata kiliendeleza kazi hiyo kwa njia nyingine. Freretown ilitoa walimu, makarani na waandishi, akiwemo James Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, kilisomwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alitoka katika ukoo huo.

Jones hakupata kuiona siku ambayo sheria ya mwambao ingemtambua kila mtu kuwa huru. Siku hiyo ilifika mwaka 1907. Watoro wa Rabai hawakuweza kuingoja. Walihitaji shamba la muhogo, paa la makuti na jirani asiyewasaliti usiku huo huo waliobisha hodi, nao walivipata.