Shaaban Robert, Karani Aliyeandika

Mwanafunzi, huenda ukitoka darasani hapa Kakamega jioni umechoka, unaiahirisha hadithi yako mpaka upate nafasi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, hakuingoja nafasi. Mwaka 1926 aliajiriwa karani wa forodha, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu aliviandika pembeni mwa ajira hiyo, Kusadikika kikiwamo. Vita Vikuu vya Pili alivitungia utenzi, ubeti baada ya ubeti, hadi zikafika kama 3,000. Hebu jaribu kutunga 10 tu! Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa kitabu mwaka 1967. Mtunzi alikuwa amefariki tangu 1962.